Kidawa na Tope la Taifa

Nchi yetu ina amani, na mimi huwa wa kwanza kulisema hilo, hata kabla sijaulizwa. Jina la nchi silitaji. Si kwa hofu, la hasha, ni adabu tu. Nchi ni kama mkwe, haitajwi jina ovyo. Langu ni Makame, dobi wa mtaa wa Kisimani, na kazi yangu ni kufua na kupiga pasi sare za watoto wa chekechea.

Sare za chekechea nchini kwetu ni nyeupe. Shati jeupe, gauni jeupe, soksi nyeupe, mpaka kofia. Wapo wanaosema aliyeichagua rangi hiyo hakuwahi kukaa na mtoto hata nusu saa. Hayo ni maneno ya watu, na mimi si mtu wa maneno. Ninachojua ni kwamba kila Ijumaa saa sita mchana, watoto wakiwa wanajiandaa kurudi nyumbani, Mkaguzi wa Weupe hupita shuleni na kadi yake. Kadi ina vivuli kumi, kuanzia Weupe wa Maziwa mpaka chini kabisa, Weupe wa Mashaka. Huiweka mgongoni kwa mtoto, akafumba jicho moja, akaandika. Shule ya Maziwa hupewa bendera. Shule ya Mashaka hupewa barua, na barua zikifika tatu mlango hufungwa. Mtoto amejifunza nini siku hiyo, hilo haliulizwi. Kadi ya kupimia hilo bado haijachapishwa.

Basi walimu wakafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Wakawakalisha watoto, mikono juu ya magoti, tangu asubuhi mpaka saa sita. Kuna mwaka bendera ya ushindi wa kitaifa ilichukuliwa na shule moja ambayo watoto wake wote walikuwa nyumbani na surua. Mwalimu alikuwa amezitandaza sare zao juu ya viti. Mkaguzi aliandika kwamba hajapata kuona watoto wenye nidhamu kama wale.

*

Mkaguzi wa wilaya yetu anaitwa Bwana Mkunde. Ni mtu mpole, ana viatu vyeupe, na hupenda kuanza kila sentensi kwa kusema "kwa mujibu wa." Simlaumu kwa lolote. Lakini yeye ndiye mwenye mihuri, na mihuri ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi, kwa sababu ya mjukuu wangu Kidawa.

Kidawa ni mtoto wa binti yangu, ambaye yuko nchi jirani kwa kazi za nyumbani za watu. Nimemlea mimi tangu ananyonya chupa. Mdomo wake, mashallah, hauna ulegevu wowote. Ukimwuliza jambo moja atakujibu matatu. Ila vidole vyake vilikuwa vizito. Penseli ilimteleza, kijiko kilimteleza, na kifungo cha gauni kilimshinda hadi akalia kwa hasira.

Sasa, nchini kwetu mtoto haingii darasa la kwanza hivi hivi. Kuna Mtihani wa Utayari kila mwezi wa kumi na moja. Mtoto hukaa mbele ya meza, akafunga vifungo vitano, akafunga kamba za viatu, akaandika jina lake. Akiweza, cheti chake hupigwa muhuri wa YU TAYARI. Akishindwa, hupigwa BADO. Akishindwa tena mwaka wa pili, BADO SANA. Na akishindwa mara ya tatu, hupigwa muhuri mwekundu wenye neno moja tu: IMETOSHA. Huyo hupelekwa Shule ya Subira, akangoje huko mpaka atakapokuwa tayari. Hakuna somo. Kuna benchi. Niliwahi kupita na kikapu changu cha nguo nikachungulia dirishani: watoto kumi na wawili, wengine wameota vinyweleo, wamekaa wanatazama ukuta. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Kidawa wangu alikuwa na BADO na BADO SANA. Miaka saba, amekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka mitano, magoti yamefika kidevuni. Ulibaki mtihani mmoja.

*

Shule zote zilimkataa isipokuwa moja, ya Mwalimu Siwema, nyuma ya soko la ndizi. Nikampeleka Jumatatu, gauni nimelitia buluu na wanga mpaka linasimama lenyewe. Saa sita akarudi. Jamani! Lile gauni lilikuwa na rangi ambayo kwenye kadi ya Bwana Mkunde haimo kabisa. Kifuani tope, mgongoni chicha ya nazi, na mfukoni kitu chenye majimaji ambacho mpaka leo sijakijua.

Dobi mzima, mjukuu wangu apite njiani vile! Kesho yake nikatoka mbio, gauni mkononi.

"Shikamoo, Mzee Makame," Mwalimu Siwema akanisalimu. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, mikono imezama kwenye tope mpaka viwikoni.

"Marahaba. Mwalimu, hii ni sare au ni tambara la kushikia sufuria?"

"Ni sare, babu. Karibu, vuta kigoda."

"Sikuja kuvuta kigoda!"

"Basi simama, ila usimkanyage Shaibu, yuko kwenye mchanga hapo nyuma yako."

Nikageuka. Ua mzima ulikuwa vurugu. Watoto kama ishirini, wamebaki na nguo za ndani, huyu anamimina maji kutoka kifuu hiki kwenda kingine, yule anafikicha chicha, wengine wanakanda tope na kulipiga chapati. Kulikuwa na harufu ya mchaichai na karafuu, na kelele kama za shughuli ya arusi. Na pale pembeni alikuwa Kidawa mbele ya sinia la choroko. Anaokota punje moja moja anatumbukiza kwenye mdomo wa chupa. Ulimi ameutoa nje. Hata hakuniona.

"Mwalimu, nimemleta asome," nikasema, sauti imeshashuka kidogo.

"Ndiyo anasoma. Nikuulize, babu, wewe nguo ikitakata unajuaje?"

"Naigusa. Sabuni ikibaki, vidole vinaniambia."

"Na vidole nani alivifundisha?"

Nikavitazama vidole vyangu. Nilifundishwa na beseni la marehemu mama, nikiwa na miaka minne, ninamwagia kila mtu maji.

"Mtoto akili yake huanzia hapa," akasema, akanionyesha kiganja chenye tope. "Anakanda kwanza, kiganja kipate nguvu. Halafu anafinya, anaokota, vidole vinajuana. Penseli inakuja mwisho. Wao wanaanza na penseli halafu wanashangaa inaanguka. Na kule kumimina maji unakokuona, anajifunza kingi na kichache. Hajui kama anasoma hesabu, wala usimwambie. Udongo uwahi ungali maji, babu. Huyu wako tumechelewa kidogo, lakini bado yu maji."

Akanipa donge la tope nilishike wakati anamfuta mtoto pua. Nikalishika. Halafu nikalifinya. Nisikufiche, ilikuwa tamu, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeshafinyanga pasi ndogo ya mkaa, na Shaibu ameshaniomba.

*

Lilibaki suala la kadi. Hapo ndipo nilipoona nami nina mchango wangu kwa taifa. Nikashona sare za akiba kutoka mashuka ya zamani, nikazifua, nikazitia wanga. Kila Ijumaa, saa sita kasoro robo, ninafika na kikapu. Watoto wanaoshwa kwa mpira wa maji, wanavikwa, wanakalishwa, mikono juu ya magoti. Saa sita Bwana Mkunde anaingia na kufumba jicho moja.

Sikuvunja sheria. Sheria inasema sare iwe nyeupe saa sita. Kuhusu saa nne haisemi kitu.

Shule ya Mwalimu Siwema ikapata Weupe wa Maziwa majuma tisa mfululizo. Ikapewa bendera. Bwana Mkunde akawaleta walimu wengine wajifunze, akawaambia, "Kwa mujibu wa kadi, hawa watoto hawajasogea tangu mwezi wa pili."

Na asubuhi moja mwezi wa saba nilikuwa napuliza mkaa wa pasi, Kidawa akaja akasimama mbele yangu. "Babu, niangalie." Akakishika kifungo cha juu cha gauni lake, akakihangaikia, akakipoteza, akakipata, kikaingia. Kimoja tu. Nililia pale pale, na wateja wakadhani ni moshi.

*

Ndipo Waziri wa Utoto na Unadhifu aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo. Tukamsikia redioni saa saba mchana, mtaa mzima umenyamaza.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa uzito wa jambo lenyewe. "Imegundulika kwamba mtoto ana mikono. Wataalamu wamethibitisha kuwa ana mikono miwili, pua, masikio na ulimi, na kwamba vyote hivyo vimeungana na akili yake. Serikali yenu haitakubali kuachwa nyuma. Kuanzia sasa kila mtoto wa nchi hii atakuwa na haki ya kugusa, wajibu wa kugusa, na ratiba ya kugusa! Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji, na sisi tumeuwahi!"

Mwalimu Siwema alikuja mbio kwangu na kanga imemvuka bega. Tukapongezana. Nikamwambia, mwanangu, sasa utacheza na tope mpaka saa sita na nusu, na sare za akiba nitawapa wasiojiweza.

Likaundwa Baraza la Taifa la Kugusa, lenye Kamati ya Tope, Kamati ya Maji, Kamati ya Mchanga, Kamati ya Harufu, na Kamati ya Kelele, ambayo ilikutana kwa siri. Bwana Mkunde akapandishwa cheo akawa Mkuu wa Kitengo cha Tope wilayani, huku akiendelea na kadi yake. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza: kwa mujibu wa taarifa zilizoifikia Kamati, tope linachafua. Na sare ni nyeupe. Na sheria ya sare ilisainiwa na baba yake Waziri.

Walikaa majuma sita. Wakaja na jibu.

Kila shule ingeletewa Tope la Taifa. Tope safi, lililochujwa, likapimwa na kutiwa kwenye sanduku la kioo lenye kufuli. Ufunguo ungekaa wilayani. Kila Alhamisi watoto wangepanga mstari, wakavaa glovu, wakaligusa sanduku kwa sekunde tano kila mmoja, na mwalimu angesoma kwa sauti: "Hili ni tope. Ni laini. Linafurahisha." Watoto wangeitikia: "Tumefurahi." Tope lingine lolote likaitwa tope holela, likapigwa marufuku kwa ajili ya kulinda ubora.

Siku tatu baadaye mafundi wakafika kwa Mwalimu Siwema, wakaumwagia ua wote saruji ili sanduku lipate pa kusimama. Vifuu vilibebwa na gari la taka. Mwalimu Siwema alisimama mlangoni, mikono mikavu, hajui aiweke wapi.

Katika juma la pili tope la sandukuni likakauka likapasuka. Watoto wakaanza kuliita jiwe. Bwana Mkunde aliandikiwa barua ya kuombwa ufunguo ili litiwe maji, akajibu kwamba kwa mujibu wa mwongozo, maji yako chini ya kamati nyingine.

Mtihani ulikuwa umebaki miezi miwili. Kidawa alikuwa amefika kifungo cha tatu.

*

Nikakaa uani kwangu nikawaza. Na nilipokuwa nawaza niliona nimekalia jibu. Uani kwa dobi maji hayakauki. Miaka thelathini nimemwaga pale maji ya kusuuzia, na pembeni ya kisima kuna tope jeusi, zito, lenye kunata, ambalo marehemu mke wangu alilitukana mpaka mwisho wa siku zake.

"Mwalimu," nikamwambia kesho yake, "waambie wazazi sare zinachukuliwa kwangu saa kumi jioni. Na waje wenyewe watoto, nisichanganye majina."

Akanitazama. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile saruji. Watoto ishirini, mbali na Kidawa wangu, walikuja kuchukua sare kila siku kwa miezi miwili, na kila mmoja alichukua saa nzima kuitambua yake. Mwalimu Siwema alikuwa anawasindikiza. Ukiuliza, hiyo ni huduma kwa wateja.

*

Siku ya mtihani nilikaa nje ya dirisha, kofia mkononi. Waliomtangulia Kidawa walitoka shule nyingine za mtaani. Watoto wazuri, weupe mno. Wa kwanza akaangusha penseli. Wa pili akafunga kamba ya kiatu chake na ya kiatu cha Bwana Mkunde pamoja. Wa tatu alipewa kifungo akakitazama kwa sekunde tano, akasema, "Nimefurahi."

Akaja Kidawa. Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikamgomea, akakipumzisha, akakirudia. Cha tano. Kamba za viatu, kushoto na kulia. Akachukua penseli akaandika K-I-D-A-W-A, herufi kubwa kubwa zimejaa karatasi nzima, D imegeuka inamtazama mwenzake wa kushoto, lakini ni D. Nilikuwa nimeuma kofia yangu.

Mwaka ule lilikuwa limeongezwa swali jipya. Bwana Mkunde akakohoa. "Kwa mujibu wa mtaala. Tope ni nini?"

"Lipi?" akauliza Kidawa. "La kukanda au la kuteleza?"

Bwana Mkunde akafunua mwongozo, akafunua tena. "La taifa."

"La taifa silijui, mzee. Limefungwa."

Nikafumba macho. Nikasikia kalamu inaandika, kisha Bwana Mkunde akisoma polepole kutoka kwenye mwongozo: "Jibu sahihi: tope ni rasilimali ya taifa na limefungwa mahali salama. Mtoto akitaja sehemu ya pili, apewe alama zote."

Wilaya nzima, watoto mia moja na arobaini, waliofaulu wote walikuwa ishirini na mmoja. Na ishirini na mmoja hao wote walikuwa wa Mwalimu Siwema.

*

Bwana Mkunde alikuja kwangu mwenyewe juma lililofuata, saa kumi na nusu, ana mkoba na uso unang'aa. Watoto walikuwa bado wanakuja "kuchukua sare"; Mwalimu Siwema akawahi kurudishia mlango wa uani, tukamkaribisha barazani.

"Mzee Makame, Mheshimiwa Waziri amefurahi mno. Mtoto wa BADO SANA, leo anafunga vifungo vitano! Huu ni ushahidi wa sanduku letu. Kidawa atatajwa bungeni."

"Sanduku?" nikasema.

"Sanduku. Hapa nina cheti chake, bado muhuri tu. Lakini kwa mujibu wa taratibu, lazima kwanza tuthibitishe kwamba hakuna mchango wa tope holela." Akatoa karatasi, akanisomea. Ilisema kwamba mtoto aliyetajwa hapo chini hajawahi kushika tope la aina yoyote, na kwamba ustadi wa mikono yake unatokana na Tope la Taifa peke yake. "Bila kiapo hiki matokeo yana mashaka. Na yakiwa na mashaka, unajua mwenyewe, mtihani huu ulikuwa wa tatu." Hakusema kwa ubaya. Aliukunja mdomo kwa huruma kabisa.

Nikamwomba ruhusa, nikamvuta Mwalimu Siwema pembeni ya mlango.

"Sisaini," nikamnong'oneza. "Kazi ni yako. Watakufuta kama vile hukuwepo."

"Babu, aende darasa la kwanza."

"Ni uongo, mwanangu!"

"Ni uongo, na unaniuma kuliko unavyokuuma. Lakini lile benchi umeliona wewe mwenyewe. Mimi nikisifiwa halafu Kidawa akakaa pale anatazama ukuta, sifa hiyo niifanyie nini?" Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akayafuta kwa bega, maana mikono ilikuwa bado na tope la uani.

Nikarudi, shingo imeinama, nikaomba kalamu.

"La, mzee," akasema Bwana Mkunde. "Kwa kuwa mtoto ameshathibitika anaweza kuandika, anasaini mwenyewe. Yuko wapi?"

Hapo hapo mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo na Kidawa akatoka, kasikia jina lake. "Shikamoo," akasema, akajifuta mikono kwenye gauni, mbele mara moja na nyuma mara moja, akaishika kalamu sawasawa kwa vidole vitatu. Akainama. Akaandika jina lake lote juu ya mstari, safari hii D imekaa upande wake. Ili karatasi isiteleze, aliikandamiza kwa dole gumba la kushoto.

Alipoliinua, doa lilibaki pale. Jeusi, bichi, linang'aa, na mistari yote ya kidole inaonekana.

Mwalimu Siwema akashika ukuta. Bwana Mkunde, Mkuu wa Kitengo cha Tope, akaiinua karatasi. Akaisogeza karibu na jicho moja. Akainusa.

"Hii ni nini?"

"Tope," akasema Kidawa.

Bwana Mkunde akamtazama, akacheka kwa upole, akampapasa kichwa.

"Hapana, mjukuu wangu," akasema. "Tope liko kwenye sanduku." Akakivuta cheti, akakipiga muhuri wa YU TAYARI, na ule wino ulipokuwa unakauka akageukia kiapo akakipiga nacho muhuri, juu ya lile doa.